Vitabu vya mtumba Nairobi: usiuziwe mbuzi kwenye gunia
Kwa wauza vitabu wa katikati ya jiji, anza na vya kazi, riwaya haziozi. Fungua ukurasa wa hakimiliki, usome mwaka. Kitabu cha sheria ya kampuni cha kabla ya 2015 kiache, kwani sheria yenyewe ilibadilishwa mwaka huo. Cha kodi huchacha upesi zaidi: Sheria ya Fedha hugusa viwango karibu kila mwaka. Hisabati? Hata toleo kuukuu linafaa.

Kisha kikunjue katikati. Gundi ikilia kwa mlio mkavu, kurasa zitadondoka. Herufi zilizofifia na picha nyeusi tii ni dalili ya nakala haramu. Kagua namba za kurasa, hasa mwishoni, ambako majibu ya mazoezi hunyofolewa. Bei ulizia mwisho, ukiwa umeshika viwili.