Stika ya gari siyo stika ya ukutani

Jamani wenzangu mnaofungua ofisi za kuprinti mabango, msinunue rola moja la vinaili (ile plastiki yenye gundi ya kuprintia stika) mkategemea lifanye kila kazi. Ile ya bei rahisi weka kwenye kibao, kioo, sehemu iliyonyooka, maana inasinyaa, ukiibandika kwenye mikunjo ya bodi ya gari kona zitanyanyuka tu na mteja atarudi. Kwa gari chukua kasti, yaani vinaili nyembamba isiyosinyaa sana, ni ghali kweli ila inatulia.

Halafu hii wengi wanairuka, kama mashine yako inatumia wino wa eko-solventi (wino wenye kimiminika, solventi, kinachotoka taratibu kama mvuke) ukishaprinti iache ipumue masaa 24 ndo upige laminesheni (plastiki angavu ya kuikinga juu), solventi ikifungiwa ndani inalainisha gundi na stika inabanduka pembeni.