Somo: Kuweka WordPress kwenye seva bila kufuta na kuanza upya kila inapogoma

Habari zenu wana kikundi. Msimu wa korosho uliopita, chama kimoja cha msingi huku Tandahimba kiliniomba tovuti ya kubandika bei za mnada, ili mkulima aliyepeleka mzigo ghalani azione kwenye simu bila kumpigia katibu. Nikachagua WordPress kwa sababu ni programu huria ya kutengenezea tovuti: haina ada, na ukiachana na fundi mmoja, mwingine anaweza kuendelea na kazi. Nilidhani nitamaliza jioni moja. Zilikwenda usiku tatu, na kila usiku skrini ilinipa mstari uleule, wa kushindwa kuunganishwa na hifadhidata (mahali tovuti inapotunza maandishi yake):

Error establishing a database connection

Kila ulipotokea nilifuta kila kitu nikaanza upya. Chanzo kilikuwa nafasi tupu moja mwishoni mwa neno la siri, niliyoibeba nilipolinakili kutoka kwenye ujumbe wa simu. Kila nilipofuta, nilifuta na ushahidi, kisha nikalibandika tena neno lilelile na nafasi yake. Nimeandika somo hili ili mtu wa Newala au Nachingwea asiyapitie hayo. Naligawia muda zaidi pale watu wanapokwama. Penye urahisi napita haraka.

Hatua ya 1: Seva

Nachukulia una seva ya kukodi yenye Ubuntu na unaingia kwa SSH, yaani unaiandikia amri kutoka mbali. Wenye cPanel (ukurasa wa kusimamia tovuti kwa kubofya badala ya kuandika amri) wasome hatua ya 2 kisha waende kwenye maswali.

sudo apt update
sudo apt install tmux apache2 mariadb-server php libapache2-mod-php php-mysql php-curl php-gd php-mbstring php-xml php-zip php-intl

Usiiache php-mysql. WordPress imeandikwa kwa lugha ya PHP na inahifadhi maandishi yote kwenye hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Bila kiungo hicho PHP haiwezi kuongea na hifadhidata.

Kabla ya amri ndefu, andika kwanza tmux. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati, kazi inaendelea kule kwenye seva. Ukirudi unaandika tmux attach na kukuta ilipofikia. Kwa mazingira yetu, hili ndilo ningependa mtu aniambie siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Hifadhidata

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tuende taratibu. Unahitaji vitu vitatu: hifadhidata yenyewe, mtumiaji wake, na ruhusa ya mtumiaji huyo kuigusa. Watu wanatengeneza viwili vya kwanza na kusahau cha tatu. Ingia kwa sudo mysql, kisha:

CREATE DATABASE korosho CHARACTER SET utf8mb4;
CREATE USER 'mkulima'@'localhost' IDENTIFIED BY 'WekaNenoLakoHapa';
GRANT ALL PRIVILEGES ON korosho.* TO 'mkulima'@'localhost';

Ujumbe wa makosa unakuonyesha ulipokosea, mradi uusome. Ukiona "Error establishing a database connection", jina la mtumiaji au neno la siri si sahihi, au hifadhidata imezimika. Ukiona ujumbe wenye maneno "select database", neno la siri limekubaliwa. Tatizo ni jina la hifadhidata, au ile GRANT umeiruka. Mimi nilikuwa nayachukulia yote mawili kuwa ni kitu kimoja: "imegoma".

Kabla ya kugusa WordPress, andika exit utoke, kisha jaribu mwenyewe:

mysql -u mkulima -p korosho

Ukiingia, hifadhidata yako ni nzima. Ukikataliwa, malizana na tatizo hapohapo. Jaribio hili ni la sekunde kumi, nami lingeniokolea usiku tatu.

Hatua ya 3: Kuleta WordPress

Usiipakue kwenye laptopu halafu uipandishe kwa FTP, yaani faili mojamoja. Ni maelfu ya mafaili madogomadogo. Mtandao ukiyumba kidogo, mengine yanafika nusu na huwezi kujua ni yapi. Iache seva ijipakulie yenyewe, maana mtandao wake ni wa kasi na bando lako haliguswi:

cd /var/www
sudo wget -c https://wordpress.org/latest.tar.gz
sudo tar -xzf latest.tar.gz

Utapata folda inayoitwa wordpress. Sasa fungua /etc/apache2/sites-available/000-default.conf na ubadilishe mstari wa DocumentRoot (folda ambamo Apache, programu inayowapa wageni kurasa, inaitafuta tovuti) usomeke /var/www/wordpress. Wengine wanaitumbukiza folda nzima ndani ya /var/www/html kisha wanashangaa kuona ukurasa wa makaribisho wa Apache. Pale kuna index.html, na Apache ya Ubuntu huanza na hilo kabla ya index.php.

Hatua ya 4: Faili la wp-config.php

cd wordpress
sudo cp wp-config-sample.php wp-config.php
sudo nano wp-config.php

Jaza DB_NAME, DB_USER na DB_PASSWORD. DB_HOST iache localhost. Neno la siri liandike kwa mkono, usibandike.

Hatua ya 5: Umiliki na ruhusa

sudo chown -R www-data:www-data /var/www/wordpress
sudo find /var/www/wordpress -type d -exec chmod 755 {} \;
sudo find /var/www/wordpress -type f -exec chmod 644 {} \;

Namba hizi si uchawi. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza au kuingia kwenye folda ni 1. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya wengine wote. Kwa hiyo 755 maana yake mwenyewe anafanya yote, wengine wanasoma na kuingia tu. Mtu akikushauri uweke 777 "ili ikubali", mkatalie. Umempa kila mtumiaji na kila programu ya kwenye seva ile uwezo wa kuandika ndani ya tovuti yako. Kikwazo huwa ni umiliki, na chown ya hapo juu ndiyo dawa.

Hatua ya 6: Kurasa za ndani

Ukurasa wa mwanzo ukifunguka lakini kurasa nyingine zinaleta 404 (ukurasa haupatikani), hujaharibu kitu. Fungua /etc/apache2/apache2.conf, tafuta sehemu ya /var/www/, na AllowOverride None uifanye AllowOverride All. Kisha:

sudo a2enmod rewrite
sudo systemctl restart apache2

Fungua anwani yako kwenye kivinjari na umalize usajili wa msimamizi papo hapo. Usiseme utamalizia kesho. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni zikitafuta WordPress ambayo haijamaliziwa. Ikikutwa hivyo, mgeni anajisajili kuwa msimamizi badala yako.

Na kabla ya kufuta chochote, andika hii:

sudo tail -n 30 /var/log/apache2/error.log

Skrini ikiwa nyeupe tupu, sababu mara nyingi utaikuta pale, pamoja na jina la faili na namba ya mstari.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Masasi: Kaka, mimi natumia cPanel. Majina yote nimeyaandika sawasawa lakini hifadhidata inakataa. Nimerudia mara nne.

Jibu: Pole sana dada. Kwenye cPanel za kukodi kwa pamoja, jina la akaunti yako hutangulizwa mbele ya kila jina. Ukiandika "mkulima", lenyewe linakuwa kama "akaunti_mkulima". Kwenye wp-config.php andika jina zima, la hifadhidata na la mtumiaji pia. Halafu kwenye ukurasa uleule shuka chini, muunganishe mtumiaji na hifadhidata na umpe ruhusa zote. Ndiyo ile GRANT yetu.

Kutoka Lindi mjini: Picha za simu hazipandi. Inasema zimezidi kiwango.

Jibu: PHP huja na kikomo cha megabaiti 2 kwa faili moja. Kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, ongeza upload_max_filesize na post_max_size, kisha uwashe upya Apache. Lakini ndugu yangu, ungezipunguza picha kwanza. Mteja wako wa Liwale anazifungua kwa bando lake.

Kutoka Nachingwea: Naweza kujifunza kwenye laptopu bila mtandao?

Jibu: Unaweza, kwa XAMPP (kifurushi cha Apache, PHP na hifadhidata cha kuweka kwenye laptopu), na nakuhimiza. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima, na waliokuwa na nakala kwenye mashine zao waliendelea kufanya kazi. Ila ukihamia kwenye seva, kumbuka WordPress inahifadhi anwani yake ndani ya hifadhidata, kwenye jedwali la wp_options, mistari ya siteurl na home. Usipoibadilisha, tovuti itakuwa inawarusha watu kwenda localhost, yaani kwenye mashine zao wenyewe.

Kutoka Mikindani: Nimeelekeza domeini kwenye seva mpya. Kwangu inafunguka, mdogo wangu wa Dar anaona ya zamani.

Jibu: Subiri, usibadilishe tena. Kila mtandao unaitunza anwani ya zamani kwa muda uliowekwa kwenye rekodi ya DNS, daftari linaloonyesha domeini iko kwenye seva ipi. Inaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku. Ikishatulia, ndipo uweke cheti cha usalama (https) cha Let's Encrypt kwa programu ya certbot. Ni bure, kinadumu siku 90, na certbot hukihuisha yenyewe.

Kutoka Newala: Mwanangu, mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu, si fundi. Kijana aliyetutengenezea tovuti amehama na hapokei simu. Tufanyeje?

Jibu: Shikamoo mzee. Kwanza tujue domeini imesajiliwa kwa jina la nani. Kama inaishia na .tz, msajili ni kampuni iliyoidhinishwa kusajili majina ya .tz. Tafuta risiti ya malipo. Kampuni iliyoitoa ndiyo ya kuiendea, mkiwa na barua ya kikundi na mhuri. Mkiwa na uwezo wa kuingia kwenye seva, hata kama neno la siri la WordPress limepotea, linawekwa jipya kupitia hifadhidata, na maandishi yenu yote hayapotei. Jumamosi nitakuwa Newala kwa shughuli nyingine. Niandikie faragha mahali pa kukutana, nije na laptopu tukae nayo pamoja na katibu wenu. Mje na daftari, maana safari hii maneno ya siri yataandikwa na kubaki ofisini kwenu.