Krimu ya joto kwa viungo vinavyouma: paka kidogo, paka kila siku

Goti langu la kulia ndilo lililotangulia kuuma, maana ndilo lililokanyaga pedali ya cherehani kwa miaka 26. Likafuata shina la kidole gumba, pale kinapokutana na kifundo cha mkono, mahali ambapo mkasi mzito hukandamiza kila unapokata kitambaa kigumu. Daktari alitazama picha ya eksirei akanionyesha jinsi nafasi kati ya mifupa ilivyopungua: gegedu, ule utando mgumu unaofunika ncha za mifupa, limelika. Ni ile baridi yabisi ya viungo kuchakaa, tofauti na ile ambayo kinga ya mwili yenyewe huvishambulia viungo. Vidonge vya maumivu vilinichoma tumbo, ndipo nikahamia dawa za kupaka, na sasa ni mwaka wa 7. Wenzangu wa cherehani huniuliza mara kwa mara, na wengi wao wanatafuta kitu kimoja tu: krimu kali, ile inayowaka. Hapo ndipo ninapoanza nao.

Ukali haukuambii kama dawa inafanya kazi. Lile joto unalolisikia ni habari inayopelekwa na neva za ngozi. Halishuki hadi mfupani kuupasha moto. Kwa hiyo kabla hujafungua tyubu, geuza boksi usome kilichomo, kwa sababu krimu zote zikiitwa "za joto" hazifanyi kazi kwa njia moja.

Zipo zenye mentoli, kafuri na methili salisilati, mara nyingi zikiwa zimechanganywa pamoja. Hizi utazijua kwa harufu tu, hata ukiwa chumba cha pili. Ukipaka, ndani ya dakika chache unasikia ubaridi, kisha uvuguvugu, na neva zikishughulika na hisia hizo, maumivu ya kiungo hurudi nyuma kidogo. Nafuu yake huja upesi na huondoka baada ya muda mfupi. Mimi huziweka kwa siku ambayo nimesimama sana, au kabla ya mazoezi.

Halafu zipo zenye kapsaisini, kile kiini kinachoifanya pilipili iwashe. Hii ni dawa ya subira. Siku za kwanza inawasha neva, lakini ukiendelea kupaka bila kuruka siku, neva zile huchoka na kupunguza kutuma habari za maumivu. Mwaka 1997 mwanasayansi wa Marekani David Julius na wenzake walionyesha kwamba kapsaisini huamsha kipokezi kilekile cha neva kinachoamshwa na joto la kama nyuzi 43 za Selsiasi. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Mimi habari hiyo ilinifungua macho, kwa sababu kabla ya hapo sikuelewa kwa nini nikioga maji ya moto saa 3 baada ya kupaka, goti linawaka upya kana kwamba nimelipaka sasa hivi. Maji ya moto na pilipili vinagonga mlango mmoja. Tangu hapo naoga kwanza, maji ya vuguvugu, nangoja ngozi ipoe kabisa, ndipo napaka.

Siku ya kwanza usianzie gotini. Paka tone dogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, uliache hadi kesho yake. Ngozi ikivimba, ikitoa vipele au malengelenge, krimu hiyo haikufai.

Sasa kupaka kwenyewe. Goti liwe safi na kavu, bila jasho, bila mchubuko wala kidonda. Kamua krimu kiasi cha punje moja ya harage. Goti zima halihitaji zaidi ya hapo. Mimi huikunja miguu kidogo nikiwa nimekaa, nikapapasa kwa kidole pande mbili za pia ya goti mpaka nipate kile kimfereji ambapo mfupa wa paja unakutana na wa muundi. Hapo ndipo penye maumivu yangu, na hapo ndipo ninapoanzia, nikizungusha taratibu kuizunguka pia, hadi pasibaki mstari mweupe hata mmoja. Nyuma ya goti sipaki. Ngozi ya pale ni laini, hukunjana na kutoa jasho, na jasho huamsha moto.

Mikono ndiyo inayowaponza wengi. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Ukikimbilia bomba moja kwa moja, unaisambaza tu vidoleni. Futa kwanza vidole kwa karatasi kavu, vipake mafuta kidogo, futa tena, kisha osha kwa sabuni, na usisahau chini ya kucha. Au vaa glavu. Usiguse macho, pua wala midomo, na kama unavaa lenzi za macho, zivae kabla hujaishika hiyo tyubu.

Kwa vidole vyenyewe nilikuwa nikipaka kapsaisini, nakaa nusu saa viganja vikiwa juu ya taulo mapajani, ndipo naosha. Hiyo nusu saa ni ndefu kwa mtu ambaye kazi yake ni ya mikono. Jioni moja nilijisahau nikajifuta jicho, na maumivu yale siwezi kumtakia mtu yeyote. Baadaye nikaja kujua kwamba mwongozo wa American College of Rheumatology, chama cha Marekani cha madaktari wa viungo, wa mwaka 2019 unaikubali kapsaisini kwa goti, ila kwa vidole unashauri kuiepuka, na hatari ya macho ni mojawapo ya sababu. Basi vidole nikavihamishia jeli ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Haina joto lolote, haina hata harufu ya kutisha, na mwongozo huohuo unaipendekeza dawa ya kupaka ya aina hii kwa nguvu zaidi kuliko kapsaisini kwa goti linalochakaa. Mtu akiniambia jeli yake haifanyi kazi kwa sababu haichomi, namwomba aipe wiki mbili. Ila usiipake juu ya krimu nyingine mahali pamoja, na kama una shida ya figo, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa moyo, mwambie daktari kabla ya kuianza.

Kapsaisini ya kununua bila cheti cha daktari mara nyingi huwa ni ya asilimia 0.025 au 0.075. Anza na ile ndogo. Hupakwa mara 3 hadi 4 kwa siku, na hapa ndipo watu wanaposhindwa. Wanapaka leo, inawaka, wanaacha siku tatu, maumivu yakirudi wanapaka tena, inawaka upya. Namna hiyo utaungua kila mara na nafuu hutaiona, kwa sababu neva hazikupewa nafasi ya kuzoea. Mimi nilichukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa nikawa napiga mstari nyuma ya mlango kila nilipopaka: mistari minne kwa siku. Wiki ya kwanza nilitaka kuitupa tyubu. Siku ya 12 niliinuka kitini kwenda kumfungulia mteja, na nikiwa nimeshafika mlangoni ndipo nikatambua kwamba sikushika meza kuinukia. Kwa wengine huchukua hadi wiki 4. Zikipita hizo bila tofauti yoyote, acha, usiendelee kujitesa.

Kuna kosa moja nataka ulisikie kwa urefu, maana nimebaki na alama yake. Mwaka wa kwanza, usiku mmoja wa baridi, nilipaka krimu ya methili salisilati na mentoli kwa wingi, nikafunga goti kwa bendeji ya kubana, kisha nikaweka chupa ya maji ya moto juu yake. Nilijiona nimelihudumia goti vizuri. Nilipoamka, ngozi ilikuwa nyekundu, na pembeni ya pia ya goti palikuwa na malengelenge matatu makubwa kama vifungo vya koti. Joto na kule kufunga viliisukuma dawa ndani kupita kiasi, na ngozi iliyokwishachanganyikiwa na mentoli haikunionya mapema. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu watu walioungua kwa krimu za aina hii; matukio yalikuwa machache, lakini wengine waliungua baada ya kupaka mara moja tu. Kwa hiyo: usifunge bendeji ya kubana, usiweke chupa ya moto wala blanketi la umeme, usiote moto. Uvuguvugu na kuwasha kidogo ni kawaida. Yakiwa maumivu, au ngozi ikianza kuinuka, iondoe dawa, osha, na usiirudie. Yakitoka malengelenge, nenda ukaonwe, usiyapasue.

Mwenye mzio wa aspirini aziepuke krimu za methili salisilati, kwani ni ndugu wa aspirini na hupenya ngozi hadi kwenye damu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asizipake bila kumuuliza daktari wake, zinaweza kumfanya atokwe na damu kirahisi. Wajawazito waulize kwanza. Na watoto, jamani: kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya wintagrini, ambayo karibu yote ni methili salisilati, kina nguvu sawa na gramu 7 hivi za aspirini, yaani zaidi ya vidonge 20 vya miligramu 300. Kafuri nayo ikimezwa humtia mtoto degedege. Mjukuu wangu anapenda kila kitu kinachonukia, hivyo tyubu zangu zinakaa juu ya kabati, ndani ya kopo la vifungo lenye kifuniko cha kuzungusha.

Krimu hizi hufaa viungo vilivyo karibu na ngozi. Nyonga imezama chini ya nyama nyingi, na dawa ya kupaka haitaifikia hata ukimaliza tyubu. Kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto chenyewe, hasa ukiwa na homa, usipake kitu, nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda ni maambukizi ndani ya kiungo. Na kama asubuhi vidole vya mikono yote miwili hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, siku baada ya siku, omba upimwe ile baridi yabisi ya kinga ya mwili. Hiyo ina dawa zake, na kuichelewesha huharibu viungo.

Bado goti linahitaji msuli wa paja wa kulibeba. Napaka ile ya mentoli, nangoja dakika 10, nakaa wima kitini, naunyoosha mguu mbele, naukaza, nahesabu hadi 5, naushusha polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Siku ninazoacha, najua kufikia saa 10 alasiri, pedali inapoanza kuwa nzito.