Namna ya Kutembelea Magofu ya Byblos, Pwani ya Lebanoni

Anayeingia katika magofu ya Byblos bila kujiandaa huona mawe yaliyotapakaa na hutoka baada ya nusu saa akiwa amechoka kwa jua. Kosa si lake, kwa kuwa mji huu umekaliwa tangu enzi za mawe, na kila kizazi kilijenga juu ya mabaki ya kilichotangulia, hata miaka zaidi ya 7,000 ikarundikana katika eneo ambalo mtu analizunguka kwa miguu asubuhi moja. Ukishika mpangilio mzuri, tabaka hizo zitaanza kujitenga zenyewe mbele ya macho yako.

Mpangilio huo unaanzia Beirut, katika Makumbusho ya Taifa, na ninalisisitiza jambo hili kuliko mengine yote. Karibu kila kitu cha thamani kilichofukuliwa Byblos kilihamishiwa huko, zikiwemo sanamu ndogo za shaba zilizopakwa dhahabu na jeneza la mawe la mfalme Ahiram, lililopatikana mwaka 1923. Simama mbele ya jeneza hilo na utazame ukingo wa kifuniko chake, ambako imechongwa mistari ya herufi za Kifoinike, lugha ya kale ya pwani hii, mojawapo ya maandishi marefu ya kale zaidi ya alfabeti ile yenye herufi 22, ambayo Wagiriki waliichukua na kuizalisha ile tunayoandikia leo. Ukishaliona, shimo tupu la kaburi lake utakalolikuta Byblos litakuwa na maana.

Kutoka Beirut ni takriban kilomita 40 kuelekea kaskazini kwa barabara ya pwani, na mabasi madogo hupita njia hiyo. Mwambie dereva unashuka Jbeil, kwa kuwa Byblos ni jina la Kigiriki ambalo wenyeji hawalitumii sana wao kwa wao. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaujua mji huu kwa jina la Gebali, ambao mafundi wake wanatajwa katika kitabu cha Ezekieli kuwa hodari wa kutia kalafati merikebu. Kabla ya safari, fuatilia hali ya usalama ya nchi na ushauri wa serikali yako, kisha ubebe noti ndogo ndogo za dola au pauni za Lebanoni, maji, kofia, na viatu visivyoteleza, kwa sababu kivuli ni haba na mawe yaliyosuguliwa na nyayo huwa hatari baada ya mvua. Miezi ya Aprili, Mei na Oktoba ni bora kuliko Julai na Agosti.

Ukishaingia, usikimbilie mahekalu. Panda kwanza ngome iliyojengwa na wapiganaji wa Vita vya Msalaba katika karne ya 12, na njiani uchunguze kuta zake: utaona duara za mawe zilizojitokeza kama vichwa vya magogo. Hizo ni nguzo za Kirumi zilizolazwa ndani ya ukuta ili kuufunga. Ukiwa juu ya paa utauona uwanja wote, na upande wa bahari utaiona nyumba moja ya mawe iliyobaki peke yake. Itazame kwa makini, kwa kuwa inaonyesha usawa wa ardhi kabla ya kufukua; kila kilicho chini yake kilikuwa kimefunikwa.

Ufukuzi ulianzishwa na Mfaransa Pierre Montet mwaka 1921, kisha Maurice Dunand akauendeleza kwa miongo kadhaa. Dunand alichimba kwa ngazi sawa za sentimita 20, bila kufuata mwinuko halisi wa tabaka, na wataalamu wamemlaumu kwa hilo. Naona lawama hiyo ni ya haki, ingawa ni yeye pia aliyelihamisha Hekalu la Nguzo zilizochongoka, jiwe kwa jiwe, ili afukue hekalu la kale zaidi lililokuwa chini yake. Kwa hiyo tembelea yote mawili mfululizo, ukikumbuka kwamba moja lilikuwa juu ya jingine.

Kisha shuka kwenye chemchemi ya mfalme, kisima kirefu kilichounywesha mji kwa maelfu ya miaka, ambapo mapokeo husema Isis, mungu wa kike wa Misri, aliketi akilia alipokuwa akimtafuta mumewe Osiris. Karibu na ngome yapo makaburi tisa ya wafalme yaliyochimbwa wima katika mwamba. La kwanza lilifichuliwa na maporomoko ya ardhi mwaka 1922. Ukumbi mdogo wa maonyesho wa Kirumi unaoelekea bahari unapendeza kwa picha, lakini ulihamishwa kutoka mahali pake, na safu chache tu za viti zimesalia.

Usipande kuta wala kuokota vigae, hata kile kidogo kilichokwama kwenye kiatu; eneo hili limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1984.

Malizia bandarini, mwendo mfupi kutoka lango la magofu. Magogo ya mierezi ya milima ya Lebanoni yalisafirishwa kutoka hapa kwenda Misri, na mafunjo ya Misri ya kuandikia yakapitia hapa kwenda kwa Wagiriki, ambao neno lao la kitabu linahusishwa na jina la mji huu. Keti ukutani jioni, utazame jinsi mlango wa bandari ulivyo mwembamba kati ya mabaki ya minara.