Jinsi ya kufuatilia historia ya kura za konstituensi yako (jimbo la ubunge) Uganda bila kupotea

Juzi hapa Arua, Uganda, nimekuta wazee wawili wanabishana kwenye chai, mmoja anasema 2019 mbunge alikuwa Wadri, mwenzake anaapa alikuwa Atiku, na wote wako sawa! Mmoja anaongea konstituensi ya Manispaa ya Arua, mwingine konstituensi jirani ya Ayivu.

Kwa hiyo kabla hujatafuta majina, tafuta mipaka. Arua ilipofanywa siti, yaani jiji, tarehe 1 Julai 2020 Manispaa ikaisha, Ayivu nayo ikaingizwa mjini, 2021 watu wakapiga kura Arua Central, Ayivu East na Ayivu West. Sasa wewe ukichukua kura za 2016 na za 2021 ukaziweka pamoja eti ni konstituensi moja, unajidanganya.

Halafu chukua karatasi andika miaka: 1996, 2001, 2006, 2011, 2016, 2021, 2026. Nyuma ya hapo kuna 1980, kisha unaruka mpaka 1962, kati ya hiyo miwili usihangaike, bunge halikupigiwa kura. Kwa 1996 na 2001 usiweke chama, kila mtu aligombea kivyake, vyama vimerudi baada ya kura ya maoni ya 2005. Na mbunge mwanamke mwandikie karatasi yake, maana eneo lake ni wilaya nzima au siti nzima.

Uchaguzi mdogo ndo watu wanasahau, na mara nyingi ndo wenye stori. Mheshimiwa Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, aliuawa Juni 2018, Agosti 15 Manispaa ikapiga kura tena, Kassiano Wadri mgombea huru akapata 6,421, Nusura Tiperu wa chama tawala NRM 4,798, na Wadri mwenyewe anatangazwa mshindi yuko korokoroni! Ukiandika 2016 halafu 2021 tu, hayo yote yamepotea.

Namba chukua kwenye ripoti za Tume ya Uchaguzi, si za kwenye WhatsApp jamani. Ukitaka za kituo chako kabisa, tafuta aliyekuwa ajenti (wakala wa mgombea kituoni) akuonyeshe kopi ya fomu ya DR, yaani ya kutangaza matokeo, ile yenye kura za kila mgombea, kura zilizoharibika na sahihi za maajenti. Jirani yangu yake ameikunja mara nne ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, chini ya godoro. Ukipewa kama hiyo ikunjue polepole na uipige picha hapohapo, pale kwenye mkunjo ndo namba zinaanza kufutika.