Spika Ikikwaruza, Usikimbilie Kununua Nyingine

Wiki mbili zilizopita kijana wa boti wa Kibirizi alinifuata kibandani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, na spika ya inchi 12 ndani ya kiroba.

“Shikamoo mzee. Hii imekufa, nitafutie nyingine.”

“Marahaba mwanangu. Iweke mezani kwanza.”

Haikuwa imekufa. Waya mmoja ulikuwa umekatika ndani ya msuko wake, na kabla ya adhuhuri alirudi nayo mwaloni ikiwa nzima. Inaniuma kuona spika zenye uhai zikipimwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo naeleza ninavyofanya mimi.

Kwanza hakikisha kwamba kweli ni spika. Zima amplifaya, badilishana nyaya nyuma ya spika, ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia, kisha washa. Kelele ikiendelea kutoka kwenye spika ileile, mgonjwa umempata. Ikihamia kwenye spika nyingine, ugonjwa uko kwenye amplifaya au nyaya zake. Ikikwaruza pale tu unapozungusha kitufe cha volyumu, hilo ni vumbi ndani ya kitufe. Pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kizungushe mara kadhaa, basi. Na piga wimbo unaoujua vizuri, maana nyimbo nyingi za kurushiana kwenye simu zimeharibika zenyewe.

Sasa itoe kwenye boksi, ilaze chali, sumaku chini. Weka vidole vya mikono yote miwili kuizunguka koni, ile karatasi ya mbele inayocheza, karibu na katikati, uisukume chini taratibu, sawasawa pande zote, halafu iachie ipande. Sogeza sikio. Kazi hii naifanya alfajiri kabla jirani yangu, fundi wa mageti, hajawasha grainda, kwa sababu unatafuta sauti ndogo sana. Koni nzima hushuka na kupanda kimya. Koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni, ikigusa sumaku husikika kama ukucha juu ya msasa, na mara nyingi vidole huihisi kabla ya sikio.

Kama hukusikia mkwaruzo, tazama nyaya mbili zilizosukwa zinazotoka kwenye vituo vya kufungia waya kwenda kwenye koni. Hizi hucheza kila mdundo, na mara nyingi hufa mapema. Weka mita kwenye omu. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma kama 6 au 7 hivi, ya omu 4 husoma 3 na ushei. Usishtuke, ndivyo ilivyo. Huku mita imeshika, tikisa kila waya kwa kijiti cha kiberiti. Ya yule kijana ilisoma 6.4, nikagusa waya wa chini, namba ikapotea, nikaachia, ikarudi. Nilipoufunua msuko karibu na kituo nikakuta shaba imeota ukungu wa kijani. Unyevu wa ziwani ndivyo unavyofanya.

Toa waya mzima uliosukwa kwenye spika iliyoungua, usitumie waya wa kawaida wa umeme, huo utakatika upesi. Unapochomelea, gusa haraka. Risasi ikinyonywa ikapanda ndani ya msuko, sehemu hiyo hukakamaa, na hapo ndipo patakapokatika tena. Urefu nao una kipimo chake: sukuma koni hadi mwisho, waya usivutike, iachie irudi, waya usiiguse karatasi. Ukizidi, utapiga koni na utasikia mkwaruzo mpya ambao umeuleta wewe.

Mkwaruzo wa koili una kazi zaidi, ila usianze kukata. Rudisha akili kwenye skrubu. Boksi la mbao iliyopinda, likikazwa upande mmoja kwa nguvu, huipinda fremu ya spika, na koili ikalalia sumaku. Kama juu ya meza haikwaruzi na ndani ya boksi inakwaruza, sababu ni hiyo. Sabufa nzito iliyokaa miaka mingi imesimama, koni yake hulegea kuelekea chini. Igeuze, kilichokuwa chini kiwe juu, uifunge. Nimeokoa nyingi kwa njia hiyo tu.

Ikiwa bado, fungua kikofia cha katikati. Loanisha gundi yake kwa thina kidogo kwa pamba, subiri, kisha pitisha wembe pembeni kabisa, ncha isizame. Zamani niliwahi kuzamisha ncha nikakata waya wa koili ya mteja, nikamlipa spika. Kikitoka, mulika tochi kwenye ule uwazi mwembamba kati ya koili na sumaku. Spika zinazokaa jirani na grainda nimezikuta na unga wa chuma umesimama kama ndevu. Kupuliza hakusaidii, sumaku haiachii. Kata gundi ya karatasi, ile ya utepe, ikunje upande wenye kunata uwe nje, ipitishe kwenye uwazi kuzunguka, itoe, uone ilivyojaa weusi. Rudia kwa kipande kipya hadi itoke safi. Usitumie pini wala sindano; vitakwangua enameli ya koili.

Uwazi ukiwa safi na koili imeegemea upande mmoja, basi kitambaa kilichokunjwa nyuma ya koni kimeachia gundi. Kata vipande vinne vya picha ya zamani ya eksirei, vichomeke kati ya koili na nguzo ya katikati, kimoja kila robo, ili koili ikae katikati yenyewe. Gundisha kitambaa, acha usiku kucha, vitoe asubuhi, jaribu tena kwa vidole.

Koili iliyovimba na kunuka kuungua haisafishwi. Mwambie mwenyewe ukweli.

Kabla ya kurudisha kikofia, jaribu kwa betri ya volti 1.5: gusisha mara moja, koni iruke na kutulia bila mchakacho. Halafu piga wimbo wenye besi kwa sauti ya chini, usikilize dakika kadhaa. Mkwaruzo ukiwa umekwisha, pakaa gundi duara jembamba, weka kikofia, usikikandamize. Ukifunga kwenye boksi kaza skrubu kwa kupishana, hii na ile inayoitazama, kidogo kidogo, na baada ya kila mzunguko isukume koni kwa vidole usikilize.