Dakika 90 za mechi bila mpinzani
Wanafunzi wanaoniletea tafiti zao hapa Lubumbashi, za kinywaji au uchovu wa wachezaji wa mpira, hutaka kupima siku ya mechi. Siwakubalii. Leo beki wa pembeni anapanda kutwa, kesho timu nzima inajifungia nyuma. Ukiwa unachunguza kinywaji, utajuaje kilichobadilika ni kinywaji au ni mchezo? Mzigo wa kukimbia lazima uwe uleule kila mara.

Mimi nafuata jaribio la Loughborough, Uingereza, la mbio za kwenda na kurudi zinazoiga mechi, lililochapishwa mwaka 2000. Pima mita 20 kwa utepe, si kwa hatua, uweke koni kila mwisho. Mchezaji anatembea mita hizo mara tatu, anachomoka kwa nguvu zote mara moja, anapumua sekunde nne, kisha mara tatu anakimbia polepole (asilimia 55 ya uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni) na mara tatu kwa ukali (asilimia 95). Anarudia hivyo dakika 15, anapumzika 3. Lile la asili lina vipande vitano, halafu mbio hadi mtu aishiwe. Mimi naweka vitatu, mapumziko ya dakika 15, na vitatu tena.

Kasi ndiyo kazi yenyewe. Usiinakili kutoka Ulaya. Sisi tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo. Mpime kila kijana kwanza kwa mbio za mita 20 za Léger, za kwenda na kurudi kwa kasi inayopanda hadi ashindwe, kwenye uwanja huohuo. Aliyeishia kilomita 13 kwa saa, polepole yake ni kama 9, kali yake 12.5. Gawanya 72 kwa kasi hiyo upate sekunde za kila mita 20: 8, na 5.8 hivi. Rekodi kwenye simu milio ya kumwambia lini afike mstari, unganisha spika. Usimwachie akadirie: kiungo mwenye kiburi atazidisha, mjanja ataiba.

Msimamizi akae kila upande, mguu uvuke mstari. Kufunga breki na kugeuka ndiko kunakochosha mapaja. Vumbi la Agosti linateleza, mwagia maji pale pa kugeukia.

Mapigo ya moyo kwenye mechi huwa wastani wa asilimia 85 hivi ya kiwango cha juu. Ukiona 70, milio yako imelala. Mpime uzito kabla na baada, jasho likiwa limefutwa: kilo 1 iliyopungua ni karibu lita 1 ya jasho, jumlisha na maji aliyokunywa.

Hakuna mpira hapo, wala kuruka, wala kukwatuana, kwa hiyo ripoti isiseme umepima mechi. Na kocha umwombe mapema. Ukiwachosha vijana wake Ijumaa wakati wana mechi Jumapili, hatakupa tena hata golikipa wa akiba.